Chauda ya kombe ndani ya bakuli la mkate: anza na mkate, supu baadaye

#1 Sufuria_Nyeusi

Wakuu, habari zenu. Niliahidi zamani kuandika kuhusu chauda nikawa napiga danadana. Leo mvua inanyesha, sina pa kwenda, acha nilipe deni.

Kwa asiyeijua: chauda ni supu nzito ya maziwa, viazi na kombe wa baharini, chakula cha New England, pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Kuitia ndani ya mkate uliotobolewa ni mtindo uliopata jina upande wa pili wa nchi, San Francisco. Mimi nilifanya kazi miaka 3 kwenye jiko la mgahawa mdogo huko Cape Cod, upande wa New England. Mwaka wa kwanza niliosha kombe tu, vidole vikachubuka, mwiko sikuruhusiwa kuugusa. Kwa hiyo haya nisemayo nimeyalipia.

Nianze na jambo litakalowakera baadhi yenu: anza na mkate. Watu hupika supu weee, ikishaiva ndipo wanakumbuka bakuli, wanakimbilia mkate wowote wa mviringo. Baada ya dakika 5 supu iko kwenye sahani, kwenye kitambaa cha meza na kwenye suruali ya mgeni. Supu nyepesi hupenya. Ukiogopa ukaifanya nzito kama gundi, mkate nao hauinywi, unabaki mkavu, na utamu wote wa shughuli hii uko kwenye ule ukuta wa ndani uliolowa. Mkate ndio unaokuambia supu iwe na uzito gani.

Mabakuli 4 yanataka unga wa ngano wenye nguvu (wa mkate, si wa keki) gramu 800, maji gramu 480, chachu iliyoamka vizuri (ule mchanganyiko wa unga na maji unaolishwa hadi uchachuke wenyewe) gramu 160 na chumvi gramu 17. Huna chachu? Hamira kavu gramu 7, na maji yafike gramu 510. Ladha ya ukali utaikosa lakini bakuli utalipata.

Donge hili ni kavu kuliko la ile mikate yenye matundu makubwa ambayo watu hupiga picha. Ni makusudi. Kwenye bakuli tundu ni adui, maana likitoka ndani likakaribia ganda limeshakuwa bomba. Kanda dakika 10 hadi unga uwe laini kama shavu la mtoto. Uache uumuke hadi ukaribie kuwa mara mbili. Kwa chachu ni saa 4 hadi 6 kutegemea joto la chumba. Gawa mara nne. Hapa sasa ndipo penye kazi: viringisha kila donge huku ukilivutia chini yake lenyewe mpaka ngozi ya juu ikaze kama ngoma. Donge lililolegea hulala likiokwa, likatoka sahani badala ya bakuli.

Lifunike, lilale kwenye friji usiku kucha. Asubuhi oveni nyuzi 230. Chanja juu mara moja, ingiza, na chini yake weka trei ya maji yanayochemka kwa dakika 10 za mwanzo ili ganda lisikakamae kabla mkate haujapanda. Toa maji, oka dakika 20 hadi 25 nyingine. Nataka kahawia iliyokolea, ukigonga chini usikie mlio wa kitu kitupu. Mkate mweupe ni sponji.

Kisha poza, na nikisema poza namaanisha saa 2. Ukikata ungali na moto utakuta ndani kunanata na kuta zitachanika.

Supu naileta baadaye, nakwenda kumchukua mtoto shule.

#2 MlaTaratibu

Nimekaa paleee, kijiko mkononi.

#3 Chachandu

Mkuu Sufuria, kabla hujafika mbali, kombe ni yupi? Maana wengine humu wanasema chaza, wengine kome, wengine wanachanganya wote humo humo.

#4 Sufuria_Nyeusi

Swali zuri dada. Chaza hung'ang'ania mwamba na ganda lake limekunjamana kama jiwe. Kome ni yule mweusi mrefu anayejifunga kwa nyuzi. Kombe ninayemsema mimi hujifukia kwenye mchanga na tope, ana maganda mawili ya duara, mazito, yanayofanana. Kule kwenye chauda wanamwita quahog. Ni mnyama mmoja ila bei na jina hubadilika kwa ukubwa: mdogo kabisa ni littleneck, anayemzidi ni cherrystone, na jibaba lenyewe huitwa "kombe wa chauda" moja kwa moja.

Usinunue wale wadogo laini kwa ajili ya supu, ni kutupa pesa. Hao huliwa wabichi au wakifukizwa tu. Jibaba nyama yake ni ngumu, lakini ndiye mwenye maji mengi yenye ladha ndani ya ganda, na ugumu tunautibu kwa kisu.

#5 NahodhaMstaafu

Ganda la huyo quahog ndani lina zambarau. Wenyeji asilia wa pwani ile walilichonga shanga za wampum, na wakoloni wakaja kuzitumia kama fedha. Hata jina lake la kisayansi, *Mercenaria mercenaria*, lina harufu ya malipo. Kwa hiyo ukitupa maganda ujue unatupa noti za zamani.

#6 Bi_Kizaazaa

Mimi nimeishi San Francisco na nasema hivi: ya Boston bila mkate wa chachu ni uji wa mgonjwa. Njooni mnitukane.

#7 Sufuria_Nyeusi

Hahaha Bi Kizaazaa, hukawii. Mzee wetu pale jikoni alikuwa akisikia mteja anaomba bakuli la mkate anageuka ukutani. Kwake chauda ni bakuli la udongo na vibiskuti vidogo vya chumvi juu, basi. Lakini mimi mkate naupenda, na kwa hili nakupa heko: ule ukali wa chachu unakata mafuta ya krimu. Mkate mtamu au laini wa siagi ukiuweka hapo kila kitu kinakuwa kizito mdomoni, baada ya vijiko 6 umechoka.

#8 Bi_Kizaazaa

Asante. Na niongezee: kiwanda cha mkate cha Boudin kipo pale tangu 1849, wakati watu wanamiminika kutafuta dhahabu. Wenyewe husimulia kwamba tetemeko la 1906 lilipopiga, mama mwenye nyumba alikimbia na ndoo ya chachu. Nyumba inaungua, mtu kabeba donge! Ndiyo heshima ya chachu hiyo.

Kuhusu ule ukali, mwaka 1971 watafiti waliandika juu ya bakteria waliyemkuta kwenye chachu ya mji huo, wakampa jina la San Francisco. Baadaye amekutwa kwenye chachu za nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo msisingizie ukungu wa bahari kwamba nyumbani haiwezekani. Lisha chachu yako kila siku kwa wiki 2, itakukalia sawa.

#9 Kijukuu77

Swali la mtu mvivu: kombe wa kopo wanafaa?

#10 Sufuria_Nyeusi

Nimerudi. Kijukuu, wanafaa, nitakueleza mbele. Tuingie kwenye supu.

Kwa mabakuli 4: kombe wakubwa kilo 3 pamoja na maganda, bekoni gramu 100, siagi vijiko 2 vya chakula, kitunguu kikubwa 1, seleri mashina 2, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula, viazi gramu 600, krimu nzito kikombe 1, maziwa yenye mafuta yake yote kikombe 1, jani la bei 1 (la kiungo, si bei ya sokoni), thaimu kidogo, pilipili manga. Chumvi sijaitaja, na sijasahau.

Kombe kwanza. Kila mmoja msugue kwa brashi chini ya bomba. Kisha waloweke kwenye maji baridi yenye chumvi, gramu 35 kwa lita moja, ndiyo karibu na bahari, kwa saa 1 au 2. Maji matamu yanawaua. Wakiwa kwenye maji yao watatema mchanga kiasi. Aliyefunua mdomo mgonge na mwenzake: akijifunga yu hai, akibaki wazi mtupe. Mwenye ganda lililovunjika naye mtupe.

Sufuria pana, maji vikombe 2 tu, wapange, funika, moto mkali. Baada ya dakika 8 anza kufunua na kumtoa kila anayefunguka, mmoja mmoja. Hapa watu wengi hukosea, wanasubiri wote wafunguke pamoja. Wa kwanza anakuwa soli ya kiatu kabla wa mwisho hajaamka. Wakubwa sana hufika dakika 15. Asiyefunguka kabisa, achana naye.

Sasa yale maji yaliyobaki chini, ya kijivu, hayana sura. Wakuu, hayo ndiyo chauda. Nyama ya kombe ni ya kutafuna tu, ladha yote iko kwenye hayo maji. Siku yangu ya pili kazini niliyamwaga kwenye sinki nikidhani ni machafu, sufuria nzima ya kombe 100 na kitu. Sijawahi kuona mtu mzima ananyamaza vile. Hakunifukuza, alinipa ndoo nyingine ya kombe na brashi.

Yaache yatulie dakika 10 mchanga ukae chini, yamimine polepole kupitia karatasi ya kuchujia kahawa, na kile kikombe cha mwisho chenye vumbi kiache kwenye sufuria. Tamaa ya tone la mwisho ndiyo huleta mchanga menoni. Unataka vikombe 3. Vikipungua ongeza maji.

Nyama ikatekate, vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Funika, weka pembeni. Hairudi kwenye moto mpaka mwisho kabisa.

#11 MlaTaratibu

"Sijawahi kuona mtu mzima ananyamaza vile" 😂😂 pole mkuu

#12 Sufuria_Nyeusi

Naendelea. Bekoni ikate ndogo, iweke kwenye sufuria baridi, washa moto mdogo itoe mafuta yake. Ikikauka itoe, itanyunyizwa juu mezani. Kwenye mafuta hayo ongeza siagi, kitunguu na seleri zilizokatwa ndogo, na usiziache zishike rangi. Chauda ni nyeupe kama pembe, kitunguu cha kahawia kinaleta utamu usiohitajika. Dakika 8 hivi.

Nyunyiza unga, koroga dakika 2 ule ubichi utoke. Halafu maji ya kombe, lakini kidogo kidogo: upawa mmoja, koroga hadi iwe laini, upawa mwingine, koroga. Ukimimina yote kwa mkupuo utapata madonge na hutayamaliza hata kwa sala. Jani, thaimu, viazi vilivyokatwa sentimita moja na nusu. Ichemke kwa utulivu dakika 12 hadi 15, kiazi kikubali uma bila kusambaratika.

Kisha chukua viazi kama upawa mmoja, viponde pembeni mwa sufuria, virudishe. Uzito unaotoka kwenye kiazi ni tofauti na wa unga, unateleza, haujengi utando mdomoni. Ndiyo maana unga wangu ni vijiko 2 tu. Sehemu nyingi za watalii hutia unga hadi kijiko kinasimama wima, wanauita utajiri. Ile ni gundi ya kubandikia matangazo.

Maziwa na krimu pasha kwenye sufuria nyingine hadi ziwe vuguvugu, mimina, punguza moto. Kuanzia hapa supu isichemke tena: mvuke sawa, mapovu hapana. Rudisha nyama ya kombe, dakika 2 za kupata moto, zima.

Onja sasa ndipo ufikirie chumvi. Maji ya kombe yametoka baharini na bekoni imekuja na yake. Mara 9 kati ya 10 siongezi kitu ila pilipili manga.

Ukiweza, iache ikae saa 1 imefunikwa, moto umezimwa, kisha uipashe polepole. Wazee wa kule wanasema inajikusanya. Mimi sikuamini mpaka nilipolinganisha vikombe viwili.

#13 Chachandu

Mkuu, ya kwangu mwaka jana ilikatika. Vipande vyeupe vinaelea juu ya maji, kama maziwa yaliyolala nje. Nilitumia maziwa yasiyo na mafuta maana naangalia uzito. Kosa ni hilo?

#14 Sufuria_Nyeusi

Ndilo, pamoja na moto. Protini za maziwa zikipata joto kali, na hasa kukiwa na chumvi au uchachu kidogo, hushikana zikajitenga na maji. Mafuta na wanga husaidia kuzikinga. Krimu nzito ya kule Marekani ina mafuta asilimia 36 au zaidi, ni vigumu kuikata hata ukiichokoza. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hayana kinga.

Ukitaka nyepesi, tumia maziwa kamili matupu na uongeze kiazi cha kuponda. Na usithubutu kutia divai nyeupe au limau baada ya maziwa kuingia. Divai, kama unaitaka, iende pamoja na vitunguu, ikauke kabisa.

#15 Mama_Watatu

Kaka, sisi nguruwe hatuli. Bekoni ikitoka si supu imebaki yatima?

#16 Sufuria_Nyeusi

Hapana dada, wala usiwe na wasiwasi. Bekoni inaleta vitu vitatu: mafuta, chumvi na moshi. Mafuta yatoke kwenye siagi, vijiko 4 badala ya 2. Chumvi ipo kwenye maji ya kombe. Moshi unaweza kuupata kwa nyama ya ng'ombe iliyofukizwa, ikatwe ndogo, ikaangwe, au samaki wa moshi kidogo sana. Au uache kabisa. Ya siagi tupu ina ladha safi ya bahari, kuna siku naipenda kuliko ile nyingine.

#17 NahodhaMstaafu

Na tusisahau ilikotoka. Mapishi ya chauda ya mwanzo kabisa kuchapishwa kule, gazeti la Boston la Septemba 1751, yaliandikwa kwa mashairi, na ndani yake hakuna maziwa wala viazi. Ni vitunguu, nyama ya nguruwe ya chumvi, samaki, biskuti ngumu za melini zilizolowekwa, kila kitu kwa tabaka, na chupa ya divai nyekundu juu! Biskuti za melini ndizo zilizokuwa zinaipa uzito. Viazi na maziwa vilikuja baadaye. Kwa hiyo anayesema "ya asili" aseme asili ya mwaka gani.

#18 Kijukuu77

Na ile nyekundu yenye nyanya?

#19 Bi_Kizaazaa

Kijukuu umeichokoza nyuki.

#20 NahodhaMstaafu

Hiyo inaitwa ya Manhattan, na ni supu nyingine yenye jina la kuazima. Watu wa kaskazini waliichukia kiasi kwamba mwaka 1939 mbunge mmoja wa jimbo la Maine alikuja na hoja ya kuharamisha nyanya ndani ya chauda ya kombe. Haikuwa sheria, lakini ujue hasira zilifika bungeni. Rhode Island nao wana yao isiyo na maziwa wala nyanya, maji matupu ya kombe, na sisi tuliokaa sana baharini hiyo ndiyo yetu.

#21 Sufuria_Nyeusi

Ya Rhode Island naiheshimu, Nahodha, ila usiitie kwenye mkate. Itapita kama haikuona kitu.

Kijukuu, deni lako la kopo. Kombe wa kopo wa kule mara nyingi si quahog huyu, ni wengine wa maji ya kina. Wameshaiva. Kwa mabakuli 4 chukua makopo 4 madogo, kamua, weka maji yake, ongeza chupa ya maji ya kombe yanayouzwa tayari hadi ufike vikombe 3. Nyama itie ukishazima moto kabisa, hata zile dakika 2 hazihitajiki. Onja maji kabla, mengine yana chumvi ya kukausha ulimi. Kombe waliogandishwa wakiwa wameshamenywa nao ni wazuri kuliko kopo.

#22 NahodhaMstaafu

Mmoja wa hao wa maji ya kina alivuliwa Iceland mwaka 2006, wataalamu wakahesabu mistari ya ganda lake kama pete za mti: miaka 507. Alizaliwa kabla hiyo chauda haijabuniwa. Nikifungua kopo siku hizi nashusha kofia.

#23 MlaTaratibu

Nahodha unataka tulie au tule?

#24 Zamu_ya_Usiku

Mimi nipo Massachusetts, kuna ufukwe karibu, watu wanachimba hawa wakati wa maji kupwa. Nikichukua ndoo na reki yangu kuna shida?

#25 Sufuria_Nyeusi

Ipo. Usiende kichwa kichwa. Kule kila mji wa pwani hutoa kibali chake cha kuchimba, una siku zake na kiwango chake cha ndoo. Quahog lazima unene wa ganda uwe inchi 1 au zaidi, kuna kipimo cha chuma cha kumpitisha. Akipita, mrudishe mchangani.

Kubwa zaidi ni kufungwa kwa maeneo. Kuna mwani mdogo wa baharini ukistawi, kombe huchuja maji na kukusanya sumu ya kupooza mishipa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, si kwa kuchemsha, si kwa oveni. Kombe mwenyewe haonyeshi dalili, hanuki, anafunguka vizuri. Kwa hiyo angalia tangazo la serikali la siku hiyo hiyo kama eneo liko wazi. Baada ya mvua kubwa pia hufungwa kwa sababu ya maji machafu. Ukiwa na mashaka nunua kwenye dula la samaki, mfuko wao huwa na lebo ya walikovuliwa na tarehe.

#26 Sufuria_Nyeusi

*duka. Kidole.

Sasa kulikata bakuli. Kisu chenye meno, ukiinamishe kuelekea katikati kama unachonga kizibo, duara lenye upana wa kiganja juu ya mkate. Kifuniko kitatoka kikiwa na umbo la koni na kitakaa kikirudishwa. Ndani chota kwa vidole, si kwa kijiko, ukiacha ukuta wa sentimita 2 pande zote na chini sentimita 2 na nusu. Chini ndiko kunakobeba. Vile vilivyotoka ndani usitupe.

Paka siagi iliyoyeyuka ndani, rudisha oveni nyuzi 180 dakika 10 hadi kuta zikauke na kushika rangi. Hiyo ndiyo plasta. Supu iingie ikiwa moto na mkate ukiwa moto, ujaze hadi kidole kimoja chini ya mdomo, ule hapo hapo. Una dakika 20 hadi 25 za amani.

#27 Chachandu

Leo Jumapili, nimepika. Natoa taarifa.

Mkate: mitatu mizuri, wa nne ulilala kama ulivyotabiri, nilichoka kuviringisha. Supu haikukatika! Nyama laini. Mchanga sifuri, nilikiacha kikombe cha mwisho japo moyo uliniuma.

Ila bakuli la mume wangu lilivuja upande mmoja, dakika ya 3. Kulikuwa na tundu sikuliona. Nifanyeje siku nyingine?

#28 Bi_Kizaazaa

Dada hongera sana! Tundu linazibwa kabla ya plasta ya siagi. Chukua ule ulaini uliouchota, ukande na siagi kidogo vidoleni uwe kama udongo wa mfinyanzi, bandika, kandamiza, ndipo uende oveni. Inua bakuli kwenye taa kwanza. Panapopenya mwanga ndipo.

#29 Sufuria_Nyeusi

Sina cha kuongeza, hiyo ya taa hata mimi sikuijua. Ule mkate uliolala ukate vipande, kaanga na mafuta ya bekoni, tia juu ya supu ya kesho. Supu ya kesho ipashe kwa moto mdogo kabisa ukikoroga, na usiiache nje ya friji zaidi ya saa 2.

#30 Chachandu

Kesho ipi mkuu? Sufuria imeshaoshwa. Mume amekula hadi lile bakuli lililovuja, na sahani iliyokuwa chini yake ameifuta kwa kifuniko.

#31 MlaTaratibu

Kijiko changu bado kiko mkononi. Nani ananialika?